Sindano ya Simsim

Kama mbwa wako ametapika siku tatu, akapona mwenyewe, akaugua tena baada ya wiki mbili, na kila uliyemuuliza amekuambia ni minyoo, basi nakuandikia wewe. Mimi si daktari. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, Kitale, na tangu hapo nimekuwa utingo wa malori, mchimba visima, muuza kadi za simu, mlinzi, na msaidizi wa fundi wa jenereta. Hakuna kazi niliyokaa nayo zaidi ya msimu mmoja. Nasema hivi ili usidhani najua mengi. Najua jambo moja tu, na hilo nililijua kwa kuchelewa.

Simsim, mbwa wangu, nilimkuta Juba, mtaa wa New Site, kwenye kiwanja nilichokuwa nalinda. Alikuwa na rangi ya ufuta uliokaangwa kidogo, sikio moja limesimama, jingine limeanguka. Kazi ya ulinzi ilipokwisha nilihamia Kator kwa dada yangu Poni, na Simsim akanifuata kwa miguu njia nzima bila kuitwa.

Poni ni mkubwa wetu. Ndiye aliyenilea Kitale baada ya mama kufariki, na ndiye aliyelia nilipoacha shule. Mume wake alishakufa, na watoto wake wanasoma Arua kwa shangazi yao, kwa hiyo nyumba ilikuwa yake peke yake. Anauza kombo sokoni. Kombo ni majivu yanayochujwa kwa maji, na maji yale sisi huyatia kwenye mulah, yaani mchuzi wetu, mboga ilainike na kupata ladha. Watu hutoka mbali kufuata kombo ya Poni.

Siku ile alimtazama Simsim, akanitazama mimi.

"Mbwa halali ndani."

"Halali ndani, dada. Analala mlangoni."

"Mlango wangu ni ndani."

Simsim akalala chini ya ukuta wa jiko, na mimi nikalala barazani ili asiwe peke yake.

Ugonjwa ulianza mwanzo wa kiangazi, vumbi lilipokuwa limeshageuza majani yote rangi moja. Asubuhi moja Simsim alikataa chakula. Miguu ya nyuma ilitetemeka kana kwamba amebebeshwa mzigo, akatapika povu la njano, akajilaza kwenye kivuli cha pipa la maji bila kujali nzi. Nilipomshika masikio yalikuwa baridi, na Juba ilikuwa inaungua.

Daktari wa mifugo niliyempata anaitwa Taban. Alikulia uhamishoni Uganda, na maisha yake yote ametibu ng'ombe. Chumba chake kiko Hai Mauna, nyuma ya duka la chakula cha kuku, na wagonjwa husubiri kwenye kibaraza cha mabati, juu ya ubao uliowekwa kwenye matofali mawili. Nimekaa juu ya ubao huo zaidi ya nilivyokaa kwenye dawati la shule. Najua sehemu inayochoma, na najua msumari uko wapi.

Siku ya kwanza nilikaa kati ya mama mwenye kuku watano ndani ya beseni na mzee mmoja aliyeshika beberu mwekundu kwa kamba.

"Kelib hiyo iko mbele yangu kwenye foleni?" mzee aliuliza. Kelib ni mbwa kwa Kiarabu cha Juba.

"Iko mbele, mzee."

"Beberu huyu ni mahari ya mjukuu wangu. Hiyo kelib yako italipa mahari ya nani?"

Mama mwenye kuku akacheka mpaka kuku wakapiga kelele. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo tu. Simsim alikuwa amelaza kichwa juu ya kiatu changu na hakukiinua kuangalia hata kuku.

Daktari alimpa dawa ya minyoo. Mara ya pili, baada ya wiki mbili, alimpa sindano ya homa ya kupe. Mara ya tatu alikuna kichwa. Kila mara alimtundikia dripu, na kila mara asubuhi yake Simsim alisimama, akala, akatikisa mkia. Tulisema amepona. Kisha akaanguka tena, na kila alipoinuka aliinuka na mwili mdogo zaidi. Mbavu ungezihesabu kwa macho. Miguu ya mbele ilikuwa na viraka vilivyonyolewa kwa ajili ya sindano. Hili ndilo ninalotaka ulishike: mbwa anayefufuka kila akipata maji ya dripu, na kuanguka siku chache baada ya maji kwisha, msimamie daktari atafute zaidi ya minyoo.

Sikuwa na wa kuzungumza naye. Njia ya kwenda Hai Mauna inapita mbele ya zahanati, na kila siku kuna akina mama wameketi pale na watoto wenye homa. Niliona haya kupita nimebeba mbwa. Nilizunguka kwa nyuma, kwenye mtaro, njia ndefu, Simsim mabegani kama mwanakondoo. Marafiki wa malori walinipigia simu kuniita safari, niliposema mbwa anaumwa walicheka. "Wani ameoa," walisema, na simu ikawa inapita mkono kwa mkono ili kila mmoja aseme neno. Baadaye waliacha kupiga.

Nikaanza kuona kitu. Simsim alikuwa analamba. Alilamba miguu yangu nikitoka vibaruani, akalamba mpini wa jembe, akalamba ukuta mahali ambapo watu huegemea na jasho. Mimi ni mtu wa kuuliza kwa nini, ila jibu alilitoa Poni. Jioni moja alirudi sokoni, akavua viatu, na Simsim akatambaa mpaka pale akaanza kumlamba vidole. Nilidhani atampiga teke. Aliinama akamtazama.

"Wani, huyu anatafuta chumvi."

"Chumvi?"

"Ng'ombe wa babu walikuwa hivi hivi. Wakilamba watu, babu anawapa kombo, wananenepa. Umesahau? Ah, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Akainuka mwenyewe, akachukua kifuniko cha sufuria, akamwaga mabaki ya mulah, akaongeza kombo kutoka chungu kizuri, kile asichowauzia watu wa kubishana bei. Simsim akamaliza chote. Poni akasema, "Angalia. Ana adabu kuliko wewe, harudishi chombo na chakula."

Siku nne alimpa. Siku nne hizo tulikula pamoja, mimi na dada yangu na mbwa, mahali pamoja, na Poni akanisimulia habari za babu ambazo sikuwahi kuzisikia. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu aangalie jambo langu na kusema tulifanye hivi. Furaha hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo. Mimi, ninayeuliza mpaka watu wanachoka, sikumuuliza daktari kama kombo inafaa.

Asubuhi ya tano kengele ya kanisa kuu ilipolia Simsim hakusogea. Macho yalikuwa wazi. Ufizi ulikuwa mweupe. Nilipita mbele ya zahanati safari hii, nikikimbia, na sikuangalia uso wa mtu.

Taban alimwekea kipimo cha moyo kifuani, akasikiliza muda mrefu, kisha akanivisha mimi masikioni.

"Unasikia?"

Nilisikia pigo moja. Nikangoja. Nikasikia jingine.

"Mnyama iko mgonjwa hivi, roho yake lazima napiga mbio," alisema. "Hii yako napiga pole pole, kama mzee nakwenda kanisa. Mimi iko naona ng'ombe miaka mingi, hii sijaona. Amekula nini?"

"Mulah."

"Mulah ya nini?"

"Ya bamia." Nikamtazama Simsim. "Na kombo. Nyingi. Siku nne."

Aliweka sindano chini. "Wani. Kombo ni majivu. Majivu iko na chumvi yake, siyo chumvi ya duka. Inaitwa potasiamu. Ikijaa kwenye damu inasimamisha roho. Kwa mbwa mzima inatoka na mkojo. Kwa huyu haitoki, na mimi sasa nataka kujua kwa nini haitoki."

Alimtundikia dripu mbili, moja baada ya nyingine, na akamchoma dawa anayowapa ng'ombe waliozidiwa. Nilikaa sakafuni kutwa nzima. Kuku waliingia na kutoka. Alasiri Simsim aliinua kichwa, akakizungusha taratibu kuelekea upande wangu, akakirudisha chini. Ni hilo tu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ubao, upande wa msumari, nikalia.

Damu yake ilisafiri na basi mpaka Kampala ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Siku ya sita, Simsim akiwa bado kwake chini ya dripu, daktari alisoma majibu kwenye simu, akasoma tena.

"Kuna tezi mbili ndogo, iko juu ya figo. Zinatengeneza homoni ya kushika chumvi na kushika nguvu. Zake zimekufa."

"Zitapona?"

"Hapana. Sindano kila siku ishirini na tano, kidonge kila asubuhi, mpaka mwisho wa maisha yake. Hiyo tezi sasa ni wewe."

Nilirudi nyumbani na Simsim mabegani na maneno hayo, na hapo nikafanya kosa langu la pili. Poni alikuwa amesimama getini, ameacha biashara kumngojea mbwa.

"Amesemaje?"

"Ni kombo yako," nilisema. "Karibu imuue."

Sikusema tezi. Sikusema kwamba mbwa alikuwa anakufa tangu kiangazi kianze, wala kwamba ni mimi niliyepaswa kuuliza. Yote hayo niliyajua, na nikasema hilo moja. Poni aliangalia viganja vyake. "Nilimpa kwa mkono wangu huu," alisema, akaingia ndani.

Hakumgusa Simsim tena. Aliendelea kuuza kombo sokoni, lakini nyumbani hakuitia chakulani. Alipika kwa chumvi ya dukani, mulah ikawa haina ladha yake, na sisi wawili tuliila hivyo hivyo.

Sindano ya kwanza alichoma daktari, vumbi likiwa bado. Dawa ni nyeupe kama maziwa, inakuja katika kichupa kidogo, na lazima uitikise kwanza. Haitaki joto kali na haitaki barafu. Sisi hatuna friji, kwa hiyo niliitia kwenye kopo, nikalifukia kopo kwenye mchanga chini ya mtungi wa maji, pale mchanga unapokaa na unyevu. Kila asubuhi nilipotaka kuumwagia maji niliukuta umeshalowa. Nikadhani mtungi unavuja.

Sindano ya pili nilichoma mwenyewe, daktari amesimama nyuma yangu. Unafinya ngozi ya shingo, unaiinua kama hema, unaingiza sindano chini ya hema. Nilifinya mara tatu kabla ya kuthubutu, Simsim akapiga miayo. Baada ya hapo mwili wake ulibadilika wiki kwa wiki. Alikunywa maji sana na kukojoa sana, vile vidonge vinavyofanya. Tumbo likarudi. Manyoya yakaota kwenye viraka, meusi kuliko ya kwanza, kwa hiyo alionekana amevaa soksi. Akaacha kulamba ukuta.

Sindano ya tatu iliangukia wiki ya mvua za kwanza. Mbwa alikuwa mzima. Lakini mtu aliyezoea barabara, akifungwa mahali pamoja na kalenda ya siku ishirini na tano, husikia kila lori linalopita. Nilikuwa nalala barazani, mbwa akikoroma upande mmoja, mlango wa dada yangu umefungwa upande mwingine, na malori yakielekea darajani. Nimelala peke yangu jangwani Turkana, chini ya trela. Sikuwahi kuwa mpweke kama kwenye baraza lile.

Kichupa kilikwisha. Rafiki wa daktari alituma kingine kutoka Kampala, lakini dereva aliyekibeba aligeuzia mpakani, akakiacha Nimule kwenye duka moja. Siku ya ishirini baada ya sindano ya tatu niliondoka kukifuata. Poni alikuwa anachambua bamia kwenye ungo.

"Kidonge kimoja kila asubuhi," nilimwambia. "Nitarudi siku ya ishirini na tatu."

Hakuinua kichwa.

Kichupa nilikipata siku hiyo hiyo. Kurudi ndiko kulikoshindikana. Mvua ilikata barabara, malori yakajipanga matopeni mpaka usione mwisho, na simu haikushika mtandao. Nilikikalia kichupa kile kwa siku saba, kimefungwa kwenye kitambaa kilicholoweshwa. Siku ya ishirini na tano ilipita nikiwa nasukuma tairi. Ya ishirini na sita. Madereva walipika chai, wakaniita nikanywe, nikaenda kulowesha kitambaa upya. Nilimfikiria kwenye kivuli cha pipa, masikio baridi, na mwanamke ambaye haruhusu mbwa mlangoni akipita kando yake kwenda sokoni.

Niliingia Kator adhuhuri ya siku ya ishirini na nane. Geti lilikuwa limerudishwa. Kivuli cha pipa kilikuwa kitupu. Pale jikoni pia hapakuwa na mbwa. Nilikaa chini karibu na mtungi, na ndipo nilipoona. Mchanga ulikuwa umeloweshwa, asubuhi hiyo hiyo, ingawa hakukuwa na kopo la kulindwa. Na ukutani nyuma ya mtungi, chini, mahali ambapo asiyechota maji hapaoni, kulikuwa na mistari ya mkaa. Tano tano. Ishirini na tano, kisha msalaba. Ishirini na tano, msalaba. Kisha ishirini na nane, bila msalaba. Ilianzia sindano ya kwanza.

Jirani alichungulia juu ya ukuta. "Wani, umerudi? Dada yako kapita asubuhi na raksha ya magurudumu matatu, kabeba kelib kwenye kitenge kama mtoto. Nikamwambia salamu, hakunijibu."

Nilisikia sauti ya Poni kabla sijafika kwenye kibaraza cha mabati.

"Mbuzi yako itangoja, mzee. Ina miguu minne na yote inasimama."

"Mama, ni juzi tu ulipita mbele yangu."

"Na leo napita tena. Hukumbuki foleni inaanza wapi?"

Ni yule mzee wa beberu, safari hii na mbuzi jike. Poni alikuwa ameketi kwenye ubao, upande wa msumari, Simsim mapajani, ndani ya kitenge chake cha kanisani. Mguu wa mbwa ulikuwa umenyolewa upya. Macho yalikuwa wazi, na mkia ulipiga kitenge mara moja, mara mbili.

Poni hakunisalimu. Alizungumza haraka, kama mtu anayetoa ripoti.

"Ameanza kutetemeka siku ya ishirini na sita. Nikamleta. Daktari akamwekea maji, akaongeza vidonge, akapima chumvi ya dukani kwa kijiko, nikampa hivyo alivyopima. Jana hivyo hivyo. Kombo sijampa."

"Najua, dada."

"Hata harufu. Naoga kwanza nikitoka sokoni."

"Poni. Haikuwa wewe. Alikuwa anakufa kabla. Mimi ndiye nilikuwa naonana na daktari, na mimi ndiye sikuuliza. Nilikuambia vibaya, na nikakuacha hivyo."

Mzee wa mbuzi alitazama pembeni kwa adabu. Poni akavuta pindo la kitenge, akamfunika Simsim mgongo ambao haukuwa na baridi.

"Umechelewa siku tano," alisema.

Ndani, Taban alitikisa kichupa, akavuta dawa ile nyeupe, akainua bomba la sindano. "Sasa. Nani nachoma?"

Nilinyoosha mkono. Poni alikuwa ameshasimama. Alinawa kwenye beseni, akanawa mara ya pili mpaka viwiko, akajifuta.

"Nipe mimi."

Nilimwonyesha pa kufinya. Hakuhitaji kuonyeshwa mara mbili. Sindano iliingia mara moja, ila midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho sikukisikia. Simsim alipiga miayo.

Wewe unayeanza safari hii, nakuachia machache. Andika siku mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja ataziona. Agiza kichupa kingine kabla hiki hakijafika nusu, hasa mvua zikikaribia. Usimpe kitu cha nyumbani kabla ya kuuliza, hata kikitoka mkono wa upendo. Na mkono huo ukikosea, usiulaumu.

Kiangazi kimerudi. Sisi tunakula mulah yenye kombo tena. Simsim ana bakuli lake mbali, na Poni hulifunika kwa jiwe. Mwezi uliopita malori yaliniita, na nikaenda, mpaka Torit na mbele zaidi. Siku ya ishirini na tano nilikuwa juu ya mzigo wa saruji, nikapata mtandao kwenye kilima, nikapiga simu kabla haujapotea.

"Dada, leo ni siku."

"Nimeshamchoma asubuhi," Poni alisema. Nyuma ya sauti yake nilisikia kucha za mbwa kwenye sakafu, ndani ya nyumba. Nilidhani amemaliza, maana hukata simu bila kuaga. Akasema, "Na wewe umekula?"